Haki ya Kutua Mzigo: Wapagazi wa Bagamoyo na Waajiri Wao

Malalamiko ya mtumishi juu ya bwana wake ni ya zamani kama kazi yenyewe. Ujira haba, kazi iliyozidi mapatano, chakula pungufu, maneno makali, upendeleo wa msimamizi: mambo haya hayakuanza karne hii wala karne iliyopita. Lakini historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza na reli, bandari na mashamba ya mkonge. Kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na mtumwa aliyelazimishwa na mkulima aliyejilimia, na baina yao hapakuwa na mtu aliyeuza nguvu zake kwa hiari na kwa mapatano. Pwani ya Mrima yakanusha maelezo hayo. Miaka mingi kabla ya bendera ya Wadachi kutwekwa Bagamoyo, maelfu ya watu walikuwa wakiajiriwa huko kila mwaka kuchukua mizigo. Walikuwa na bei yao, kawaida zao na mipaka yao. Na bwana aliyevuka mipaka hiyo alijibiwa.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mlango wa njia kuu ya kati, iliyopita Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, panapoitwa leo Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji kando ya ziwa Tanganyika. Wanyama wa kuchukua mizigo hawakuweza kutegemewa, kwa kuwa mbung'o waliwaua. Barabara za magari hazikuwapo. Wala haukuwapo mto wa kupitisha vyombo toka pwani hadi bara. Basi kila pembe ya ndovu iliyoshuka pwani, na kila jora la merikani au kaniki, kila kifungu cha ushanga na kila koili ya waya wa shaba iliyopanda bara, ilisafiri juu ya mwili wa mwanadamu. Mnyamwezi alichukua begani, mtu wa pwani kichwani. Wataalamu hukadiria kwamba katika miaka ya mwisho ya karne hiyo watu wapatao 100,000 kwa mwaka walikuwa wakipita baina ya pwani na bara kwa kazi hiyo. Wako wasemao kwamba jina la mji latokana na maneno "bwaga moyo", yaani mahali ambapo mchukuzi aliyetoka mbali aliweka chini mzigo na wasiwasi wake pamoja. Wako pia walifasirio jina hilo kwa huzuni ya mtumwa aliyeiacha nchi yake. Tafsiri zote mbili zimedumu, na kila moja ina watu wake katika historia ya mji.

Wapagazi hawakuwa watu wa namna moja. Kundi kubwa lilikuwa la Wanyamwezi, pamoja na Wasukuma na Wasumbwa, ambao kwao kwenda pwani ulikuwa ni ushujaa wa ujana na njia ya kupata mali ya kuolea na kuanzia nyumba. Walifuatana mara nyingi na wake zao, waliochukua vyungu na vyakula na kupika kambini. Kundi la pili lilikuwa la watu wa pwani na Unguja waliojiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mtumwa aliyeruhusiwa na bwana wake kujiajiri alimletea bwana huyo sehemu ya ujira wake, aghalabu nusu. Hapana budi jambo hili likumbukwe wakati wote, maana lilifanya kazi ya msafara kuwa na sura mbili: mtu yule yule aliweza kuwa mali ya mmoja na mwajiriwa wa mwingine. Hata hivyo, njiani, mbele ya yule aliyemwajiri, alidai kutendewa kama mtu aliyepatana.

Mapatano yenyewe yalikuwa dhahiri, ingawa mara nyingi hayakuandikwa. La kwanza lilikuwa uzito. Mzigo wa kawaida wa nguo au ushanga ulikuwa wa frasila mbili au chini yake kidogo, yaani ratili 60 hadi 70. Juu ya huo mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha na akiba ya chakula. Pembe kubwa iliweza kuzidi kipimo hicho, lakini ilipewa mtu mwenye nguvu na sifa. La pili lilikuwa posho, yaani kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo ya kununulia chakula katika vijiji vya njiani. La tatu lilikuwa ujira, na hapa desturi ziligawanyika. Mnyamwezi aliajiriwa kwa safari nzima, akapewa nguo zilizopatanwa toka mwanzo hadi mwisho. Mtu wa pwani aliajiriwa kwa mwezi; na tangu miaka ya 1870 riale 5 kwa mwezi ndizo zilizozoeleka, akitangulizwa ujira wa miezi kadhaa kabla hajaondoka.

Tofauti hiyo ya mwisho yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya ugomvi. Aliyelipwa kwa safari aliona kila siku ya kukawia kuwa hasara yake. Alitaka kuondoka upesi, kwenda upesi na kufika kwao kabla ya mvua za kulimia. Msafiri aliyekaa wiki tatu kambini akipima nyota au kuwinda alikuwa anakula wakati wa mtu. Aliyelipwa kwa mwezi hakuwa na sababu ya kuharakisha, na mwendo wa kukimbizwa ulimchosha bila kumwongezea kitu. Kwa hiyo bwana mmoja, katika msafara mmoja, aliweza kuwashutumu Wanyamwezi kwa kukosa subira na waungwana kwa uzembe, asitambue kwamba kila kundi lilikuwa likifuata hesabu ya mapatano yake.

Malalamiko ya kila siku yalizaliwa katika mambo haya matatu. Asubuhi ya kwanza ya safari ilikuwa ya kelele na mashindano, kila mtu akijaribu mizigo kuona upi mwepesi, upi una pembe za kuumiza bega, upi utapungua njiani. Sanduku lilichukiwa kuliko robota la nguo, kwa sababu sanduku halikubali kufuata umbo la mwili. Mzigo wa chakula ulipendwa, maana ulipungua kila siku. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," yasema methali, na hapana mahali ilipokuwa kweli kuliko hapo. Mnyapara aliyegawa mizigo alikuwa na uwezo mkubwa wa kutenda haki au dhuluma. Aliweza kuwapendelea ndugu zake na kumtwisha mgeni, naye akilindwa na heshima aliyokuwa nayo kwa bwana.

Posho nayo ilikuwa chanzo cha uchungu. Nguo iliyotosha kununua chakula cha siku kadhaa katika nchi yenye mavuno haikutosha penye njaa, na bwana aliyeshikilia kipimo kile kile kila mahali alikuwa akipunguza posho bila kusema kwamba amepunguza. Ugogo ndiko kulikoogopwa zaidi. Huko watawala walidai hongo kwa kila msafara, na maji yalikuwa haba. Kabla ya kuifikia nchi yenyewe palikuwa na nyika ya Marenga Mkali, isiyokuwa na maji ya kutegemea, iliyovukwa kwa mwendo mmoja mrefu. Kwa safari za namna hiyo wapagazi walikuwa na neno lao, telekeza: kuondoka mchana baada ya kupika na kunywa, kwenda hadi usiku, kulala pakavu na kuendelea alfajiri. Telekeza ya lazima ilikubaliwa na watu wote. Telekeza ya pupa, iliyoamriwa na bwana mwenye haraka zake, ilihesabiwa kuwa uonevu.

Mpagazi alikuwa na njia tatu za kujibu. Ya kwanza ilikuwa ni maneno, yaliyopelekwa na kirongozi au mnyapara. Ya pili ilikuwa kugoma: mizigo ikawekwa chini, watu wakakaa makundi makundi kando ya njia, na msafara ukasimama. Ya tatu ilikuwa kutoroka. Katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu jambo hili la tatu limeandikwa kwa hasira nyingi, chini ya majina ya hiana, uvivu na woga. Lakini ndani ya vitabu hivyo hivyo mna ushahidi wa namna nyingine. Richard Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, alieleza kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alipotoroka aliuacha mzigo wa bwana ukiwa salama kando ya njia, akachukua vyake tu. Mwizi hafanyi hivyo. Afanyaye hivyo ni mtu aonaye kwamba mapatano yamevunjika, na ambaye, kwa kurudisha alichoaminiwa, atangaza kwamba yeye siye aliyeyavunja.

Mfano wa mgomo waonekana katika safari ya Henry Morton Stanley ya kumtafuta Livingstone. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, baada ya kuitanguliza mbele misafara mingine minne. Watu wake wote walikuwa 192. Kabla hajaondoka alikuwa na ugomvi wake mwenyewe juu ya haki. Aliyemtafutia wapagazi alikuwa Sewa Haji, kijana wa miaka 20 hivi wakati huo, ambaye baadaye alikuwa tajiri mkubwa wa Bagamoyo na mtoaji wa sadaka za shule na hospitali. Stanley alijaza kurasa kadhaa kwa kulalamika jinsi kijana huyo alivyomtoza na kumkawiza. Basi yule aliyewaona wapagazi wake kuwa wasumbufu walipohesabu haki zao, naye alihesabu zake kwa makini alipokuwa yeye ndiye mteja.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, baada ya kutoka Unyanyembe, msafara ulipumzika siku chache kwenye mto Gombe, penye maji na wanyama wengi. Nyama ilikuwa tele, na watu walikuwa wametoka katika maradhi na vita. Siku ya kuondoka ilipofika waliomba siku moja zaidi, na ombi lao likapelekwa kwa Sidi Mubarak Bombay, mkuu wa askari. Stanley akakataa. Watu wakaondoka kwa kinyongo, na baada ya mwendo mfupi wakaweka mizigo chini, wakasimama kwa mashauri. Stanley akaelekeza bunduki yake kwa kirongozi Asmani na kwa mwenzake Mabruki, nao walikuwa na silaha mikononi. Damu ingemwagika kama mmoja wa watu wa zamani wa safari asingeingia kati. Mwisho wake wapagazi walitwaa mizigo, na safari ikaendelea.

Stanley alikisimulia kisa hiki kama ushindi wa ujasiri juu ya uasi. Msomaji wa leo aweza kukisoma kwa makini zaidi. Kilichodaiwa hakikuwa mali ya bwana wala uhai wake. Ilikuwa siku moja ya mapumziko. Kilichotumiwa kudai kwanza kilikuwa ombi, likapitia kwa mkubwa wao kama ilivyo desturi. Kilichofuata kilikuwa kuweka mizigo chini. Bunduki zilikuja mwisho, na aliyezitumia kama jibu la ombi alikuwa bwana. Utaratibu huu, ombi, kisha mgomo, kisha mapatano au nguvu, waweza kutambuliwa na mtu yeyote aliyepata kuona ugomvi wa kazi katika kiwanda au bandari.

Katika kisa kingine malalamiko ya ujira yalifika mpaka serikalini. Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, kusini kidogo mwa Bagamoyo, mwezi wa Juni 1857, wakarudi pwani penye kijiji cha Kunduchi mwanzo wa Februari 1859. Katika watu wao walikuwamo watumwa wa karani wa forodha aliyeitwa Ramji, walioajiriwa kwa miezi 6 na kulipiwa kwa bwana wao; lakini kazi ilipita mbali muda huo. Balozi wa Kiingereza wa Unguja, Hamerton, alikuwa amewapa wakubwa wa msafara ahadi za zawadi, naye alifariki mwanzoni tu mwa safari. Burton aliondoka Unguja bila kuwalipa walichodai. Alitoa sababu kwamba zawadi ilikuwa ni ya mwenendo mwema, na kwamba mwenendo wao ulikuwa mbaya.

Balozi mpya, Christopher Rigby, aliyasikiliza madai ya watu hao akayaandikia serikali ya Bombay. Jibu la wakuu lilimwelemea Burton: kama alikuwa na malalamiko juu ya watu wake, yampasa angeyapeleka mbele ya balozi kabla ya kuondoka, ili wapate kusikilizwa, na kama hakuwa nayo, yampasa angewalipa. Burton aliona uchungu mkubwa, akayachapa maandishi ya shauri hilo mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1860. Hapana shaka kwamba uadui wa watu binafsi ulichochea mambo. Rigby hakumpenda Burton, na Speke alikuwa amekwisha kutengana naye. Lakini kanuni iliyosemwa katika jibu lile ni nzito kuliko ugomvi wa watu watatu: kwamba bwana hawezi kuwa mshtaki, shahidi na hakimu katika shauri la ujira wa mtumishi wake. Kanuni hiyo ilitamkwa kwa ajili ya watu wa msafara, baadhi yao watumwa.

Kanuni kutamkwa si kanuni kutimizwa, nayo yaonekana katika habari ya waliomchukua Livingstone. Baada ya kufa kwake mwaka 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walichukua maiti yake kutoka nchi ya Chitambo hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa, wakafika Februari 1874. Huko Unyanyembe ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliwashauri wamzike hapo hapo, nao wakakataa. Hawakuwa na bwana wa kuwaamuru. Kazi waliyokuwa wakiifanya walijipa wenyewe. Bagamoyo walikabidhi walichochukua, wakalipwa ujira wao, wakatawanyika. Aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza na kuhudhuria maziko ya Aprili 1874 katika Westminster Abbey alikuwa Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, maziko yakiwa yamekwisha kupita. Chama cha Jiografia cha London kilitengeneza medali kwa ajili ya watu wa msafara ule, lakini zilipofika Unguja wengi wao hawakuwapo tena kuzipokea. Walikuwa wamekwisha kushika mizigo mingine. Dunia iliwasifu kwa uaminifu wao. Lakini neno uaminifu, litumiwapo na bwana kwa mtumishi, mara nyingi huficha kwamba mtumishi alikuwa na akili, shauri na uamuzi wake mwenyewe.

Si haki kuwafanya wapagazi wote kuwa watu wema. Wako waliopokea ujira wa miezi mitatu Bagamoyo wakatoweka kabla ya kuvuka mto Kingani, wakajiandikisha kwa jina jingine katika msafara wa pili. Wako wanyapara waliokula posho za wenzao. Wako waliouza merikani ya bwana wakadai imeibwa. Tena haifai kusahau kwamba baadhi ya misafara waliyoitumikia ilishusha watumwa pwani pamoja na pembe, na kwamba mpagazi aliyejua sana thamani ya uhuru wake alipita kila siku kando ya mtu aliyefungwa minyororo. Lakini makosa hayo hayabatilishi jambo lililo wazi. Udanganyifu wa mpagazi mmoja ulikuwa kosa kwa sababu palikuwa na mapatano ya kuvunjwa; na bwana mwenye sifa ya kutoza sana au kupiga sana alipata shida ya kupata watu msimu uliofuata, maana habari zilisafiri toka kambi moja hadi nyingine upesi kuliko mizigo. Mpagazi hakuwa na mahakama wala chama. Alikuwa na uwezo wa kuondoka, na hofu ya uwezo huo ilimfundisha bwana adabu.

Uwezo huo ndio uliovunjwa. Baada ya vita vya pwani vya miaka ya 1888 na 1889, vilivyopiganwa Bagamoyo na Pangani chini ya Abushiri bin Salim, serikali ya Kidachi ilishika nchi, na mwaka 1891 makao yake makuu yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Tarehe 22 Aprili 1896 ilitolewa amri ya Chansela wa Ujerumani juu ya hukumu za wenyeji katika makoloni yake ya Afrika. Ndani yake mlikuwa na kifungu juu ya wenyeji waliofungamana kwa mapatano ya kazi. Mtu wa namna hiyo, akishtakiwa na bwana wake kwa uvivu, ukaidi au kuacha kazi bila sababu ya haki, aliweza kupigwa viboko au kufungwa minyororo isiyozidi siku 14, au yote mawili. Idadi ya viboko haikuruhusiwa kuzidi 25 kwa mara moja. Watu wa pwani hawakuhitaji kuisoma sheria. Waliiita hamsa ishirini, na jina hilo limeishi kuliko dola iliyolizaa.

Yafaa kupima mabadiliko yaliyoletwa na kifungu hicho. Uvivu, ukaidi na kutoroka yalikuwa ni maneno ya wasafiri katika vitabu vyao, matusi ya bwana aliyekasirika ambaye asubuhi yake hakuwa na budi kupatana na watu wake. Sasa maneno hayo hayo yaliingia katika sheria yakawa makosa ya jinai. Ugomvi wa watu wawili waliopatana uligeuka kuwa ugomvi wa mtu mmoja na dola, na upande wa pili wa mapatano ulikuwa na kiboko cha serikali mkononi. Kanuni iliyosemwa juu ya Burton ilipinduliwa: malalamiko ya bwana ndiyo yaliyofungua shauri, na mwili wa mtumishi ndio uliolifunga.

Mengine yalifuata. Kodi ya nyumba iliamriwa mwaka 1897, ikawalazimu watu kutafuta fedha. Mkonge ulikuwa umekwisha kuletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yakaenea pwani na katika bonde la Pangani. Huko kazi ilihesabiwa kwa kipande, karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku iliyotimizwa mpaka zitimie 30. Siku ambayo msimamizi hakuridhika haikutiwa alama, na mtu alitoka jasho bure. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, ambao haukupewa reli, ukanyamaza.

Lakini upagazi haukufa mara moja. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 majeshi ya pande zote mbili yaliwakusanya wachukuzi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Hapakuwa na kupatana uzito wala kuomba siku ya pumziko. Walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi wao. Jina la kikosi cha wachukuzi wa Kiingereza limebaki katika mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam, ambako maelfu ya watu hununua na kuuza kila siku bila kukumbuka kwamba wanatamka jina la jeshi la wabeba mizigo. Utawala wa Kiingereza nao, kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, uliendelea kumhesabu aachaye kazi kabla ya muda kuwa mkosaji wa kuadhibiwa.

Ndipo, tarehe 6 Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipoacha kazi, na mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wengine na kufuata njia ya reli kuelekea bara. Walidai ujira wa kutosheleza maisha na masharti bora ya kazi, na baraza la usuluhishi likawaongezea ujira. Waandishi wengi huuhesabu mgomo huo kuwa mwanzo wa mwamko wa wafanyakazi wa Tanganyika. Kwa habari ya vyama na sheria, ni kweli. Lakini watu waliokuwa wakipakua meli kwa mabega yao, wakaweka mizigo chini wote pamoja na kungoja jibu, hawakuwa wakifanya jambo geni katika pwani hiyo. Njia iliyofuatwa na habari za mgomo wao, toka baharini hadi Tabora, ndiyo iliyokuwa njia ya misafara.

Wala uhuru haukumaliza shauri. Mwaka 1962, katika mwaka wa kwanza wa Tanganyika huru, sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ilibana sana ruhusa ya kugoma. Na mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivyojitegemea viliondolewa, kikawekwa chama kimoja cha taifa, NUTA. Sababu zilizotolewa zilikuwa za umoja na maendeleo, nazo hazikuwa za mzaha katika nchi changa na maskini. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeirudisha haki ya kugoma, pamoja na masharti yake na hatua za usuluhishi. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kuacha kazi, lini, na kwa idhini ya nani, limeulizwa katika kila utawala uliopita katika nchi hii, na kila utawala umelijibu kwa kupima usalama wake wenyewe kwanza.

Mpagazi wa Bagamoyo hakuacha vitabu. Habari zake zimo katika vitabu vya waliomwajiri, na karibu kila zinapotajwa zimeandikwa kama mashtaka: alikataa, alinung'unika, alikawia, alitoroka. Mwanafunzi wa historia hana sababu ya kuyatupa mashtaka hayo. Yampasa aulize kila mara mzigo ulikuwa na uzito gani siku ile, posho ilikuwa kiasi gani, maji yalikuwa mbali kiasi gani, na mapatano yalisema nini. Akifanya hivyo ataona kwamba orodha ya makosa ya mtumishi, iliyotungwa na bwana kwa uchungu, ndiyo kumbukumbu kamili kuliko zote za mambo ambayo mtumishi aliyahesabu kuwa haki yake.